Fundi wa intaneti anapokuja nyumbani Lamu: mwongozo kamili

Kila Jumatatu baada ya alasiri mama yangu huketi kwenye mkeka wa msana, yaani ukumbi, wa juu, akaegemeza simu kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, na kuzungumza na mdogo wake aliyeolewa Muscat. Kwa wiki sita uso wa mama mdogo ulikuwa ukiganda katikati ya neno. Fundi wa kwanza alikuja akabadilisha ruta. Wa pili akaja, akaiondoa ile ruta mpya na kuweka nyingine mpya. Wa tatu, mtu mzima aliyevuka kutoka Mokowe, gati ya bara, na boti ya asubuhi, hakuigusa ruta kabisa. Aliuliza tu, "Hukatika wakati gani?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameandika. Mama ndiye aliyejibu: "Mwanangu, mvua ikinyesha hukatika, na alfajiri umande ukiwa bado."

Fundi akapanda darini moja kwa moja. Akakata mkanda uliofunika mwisho wa waya nyuma ya dishi, akateremka na kile kichwa cha waya kiganjani, atuonyeshe. Pini nane za shaba, tatu zimeshika ungaunga wa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa nje. Ni chumvi ya bahari. Akaweka kichwa kipya, akakifunga vizuri, na baada ya dakika ishirini kazi ikawa imekwisha.

Mwongozo huu umetokana na wiki hizo sita. Kwetu fundi hana muda wa kupoteza: anakuja kwa boti, anapita vichochoroni kwa miguu na begi begani, na sharti avuke kurudi bara kabla jua halijazama. Ile saa moja atakayokaa kwako ndiyo uliyo nayo mpaka wiki ijayo, pengine zaidi. Yeye anajua vifaa, wewe ndiwe unayeishi na hitilafu, na unachojua kisipomfikia atabadilisha ruta na kwenda zake.

Kabla ya kupiga simu

Anza na stima. Angalia adapta ya ruta kama imekaa sawa kwenye soketi na kama ina joto lisilo la kawaida. Ruta nyingi hutumia volti 12. Adapta ikichoka taa bado zitawaka, lakini ruta itakuwa ikijizima na kujiwasha, nawe utadhani kampuni ndiyo inayokata. Ukiwa na adapta nyingine yenye volti zilezile, na ampea zilezile au zaidi (zimeandikwa mgongoni), ijaribu. Yenye volti tofauti usiithubutu.

Kisha zima ruta, hesabu nusu dakika, washa, subiri dakika tano nzima. Usiingize sindano kwenye lile tundu dogo la nyuma. Tundu hilo hufuta mipangilio yote iliyowekwa na kampuni, na nimeona nyumba iliyokuwa na intaneti dhaifu ikabaki haina intaneti kabisa kwa sababu ya pini ya ushungi.

Sasa soma taa. Kama una faiba, yaani waya unaoleta intaneti kwa nuru, tafuta mbili zilizoandikwa PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, kisanduku chako kinazungumza na kituo cha kampuni. LOS ikiwaka nyekundu, nuru haifiki kwako: waya umekatika, umekunjwa, au umechomoka mahali. Hapo hata ukizima na kuwasha mara mia hakuna kitakachobadilika, piga simu tu. Piga picha ya taa wakati hitilafu ipo, maana hitilafu zina tabia ya kutoweka fundi anapobisha hodi.

Jaribio moja litakuokolea siku nzima: kama una kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya na upime kasi. Kwa waya ikiwa nzuri na bila waya ikiwa mbaya, shida ni waifai ndani ya nyumba yako, si laini ya kampuni. Na unapopima kumbuka kwamba kampuni huuza kwa megabiti, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kifurushi cha megabiti 10 kikiteremsha megabaiti moja na robo kwa sekunde, umepewa haki yako kamili.

Uliza jirani pia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo taa zako zote zitakuwa kijani na hakuna fundi wa kuvuka Mokowe atakayekusaidia.

Ikiwa bado hujapata jibu, chukua daftari. Siku tatu zinatosha. Andika siku, saa, hali ya hewa, taa zilivyokuwa, na kasi uliyopima asubuhi, mchana na saa tatu usiku. Mstari mmoja wa namna hii una thamani kuliko malalamiko ya nusu saa: "Jumanne, saa 12 asubuhi, umande mwingi, imekatika dakika 12, imerudi yenyewe." Ikiwa hudorora saa tatu usiku peke yake, kila siku, hali ya hewa iwe yoyote, huo ni msongamano wa watumiaji, na hayo ni ya kampuni kurekebisha huko kwao. Ikiwa hufuata mvua na umande, maji yanaingia mahali. Ikiwa hufuata upepo, kuna kitu kinatikisika.

Kupanga siku

Ukipiga huduma kwa wateja, usikate simu bila nambari ya malalamiko. Iandike kwenye lile daftari pamoja na jina la aliyekuhudumia na saa. Bila nambari hiyo, simu yako ya wiki ijayo itahesabiwa kuwa ya kwanza.

Waeleze nyumba yako ilivyo, kwa sababu anayepokea simu huenda yuko Nairobi na anafikiria nyumba ya kawaida yenye gari mlangoni. Mwambie ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, dishi au faiba inaingilia darini, na ngazi ya ndani ni nyembamba. Mwambie kutoka darini mpaka ruta ilipo ni mita ngapi. Pima kwa kamba kama huna tepu. Uliza waziwazi kama fundi atakuja na waya wa kutosha, vichwa vipya na adapta ya akiba. Kifaa kikisahauliwa bara hakuna kukimbia dukani na kurudi, siku imepotea.

Mji wetu hauna anwani za barua milangoni, kwa hiyo mwelekeze kwa misikiti au, bora zaidi, mtume kijana akampokee gatini au Mkunguni mbele ya Ngome. Usipange Ijumaa adhuhuri. Siku ya harusi mtaani pia haifai, vichochoro havipitiki.

Kuandaa nyumba

Fuata waya wako kwa mkono tangu unapoingia hadi kwenye ruta, uone unapita wapi. Hamisha kabati, vyombo, magodoro, chochote kilichoukalia. Waya wa faiba uliokunjwa kwa pembe kali nyuma ya kabati huvujisha nuru hata kama haujavunjika, na huenda ukaikuta hitilafu yako hapo hapo kabla fundi hajafika. Piga picha za waya zote kama zilivyo.

Hakikisha ngazi ya darini ipo na ina nguvu. Ya boriti iliyoliwa na mchwa usimpandishe mtoto wa watu.

Halafu kuna suala la stara, nalo si dogo. Fundi atapita mpaka vyumba vya ndani. Waambie wanawake wa nyumbani saa atakayokuja, hamisheni nguo na vitu vya faragha mapema, na kama mwanamke yuko peke yake amwite kaka, ami, au jirani mwanamke akae naye. Mafundi wanaotoka nje ya Lamu mara nyingi hawajui taratibu zetu, na hawana kosa. Mwambie kwa upole: "Fundi, karibu, tafadhali pumzika hapa dakani kidogo, tunakuandalia njia." (Daka ni ile baraza ya mlangoni.) Hakuna aliyewahi kukasirika kwa maneno hayo, hasa yakiletwa na glasi ya maji ya ndimu.

Akishafika

Mwombe kitambulisho cha kazi na umtajie nambari yako ya malalamiko. Isipolingana na aliyo nayo, ipigie kampuni kwa nambari unayoijua wewe, siyo atakayokupa yeye. Kama umeelewana na kampuni kwamba kuna malipo, yapitie nambari ya biashara ya kampuni kwenye M-Pesa. Pesa iliyoingia kwenye simu ya mtu binafsi huwezi kuidai kwa kampuni.

Mpe daftari. Mwambie hitilafu ilianza lini, hutokea wakati gani, na ni kitu gani kilichobadilika siku hizo: jirani ameongeza ghorofa, mmepaka chokaa, panya ameonekana. Usimwambie dawa. Sisi tulimwambia fundi wa kwanza, "Ruta imeharibika," naye akatuamini.

Kama una faiba, fundi mzuri hataanza na ruta. Atachomoa kile kichwa cha plastiki, atakisafisha, kisha atakichomeka kwenye kipima nuru. Simama hapo uangalie namba. Itakuwa na alama ya kutoa mbele yake, na kipimo chake huitwa desibeli. Vifaa vingi vya majumbani hupokea vizuri kati ya -8 na -27, na mimi ningetaka isipite -25, ibaki nafasi ya siku mbaya. Elewa namna namba hizi zinavyokwenda: kila desibeli 3 zikipotea, nuru imepungua nusu. Kwa hiyo laini iliyokuwa -20 mwaka jana na leo ni -26 imebakiwa na robo ya nuru yake, hata kama intaneti bado inaonekana kufanya kazi. Mwulize, "Ni ngapi hapa ndani, na ni ngapi kule kwenye kisanduku cha nje?" Tofauti ikiwa kubwa, waya wa kati ya sehemu hizo mbili ndio mgonjwa. Andika namba zote mbili na tarehe.

Angalia rangi za vichwa pia. Cha kijani kimekatwa mshazari, cha buluu kimenyooka, na cha rangi moja hakikai sawa kwenye tundu la rangi nyingine ingawa kitaingia. Na usichungulie kamwe mwisho wa waya wa faiba, wala watoto wasiachiwe. Nuru inayoleta intaneti haionekani kwa jicho lakini jicho linaipokea. Ile nyekundu inayoonekana ni ya tochi ya fundi ya kutafutia palipovunjika, nayo pia si ya kutazamwa.

Kama una dishi, kazi iko juu, na fundi asiyepanda darini hajafanya kazi. Dishi hizi hupokea intaneti kutoka mnara wa kampuni, na zinahitaji kuuona bila kizuizi. Paa la makuti lililoinuliwa, mwembe uliokua, ghorofa mpya ya jirani, kila kimoja kinatosha kukuharibia. Kusi nayo ikivuma miezi kadhaa hulegeza nati na dishi likageuka kidogo tu, kiasi ambacho hukioni ukiwa chini. Kwenye simu au kompyuta yake fundi ataona nguvu ya mawimbi, nayo pia kwa desibeli: karibu na -60 ni nzuri, karibu na -80 ni ya kubahatisha. Mwombe alegeze na kulizungusha dishi polepole huku namba ikisomwa kwa sauti, mpaka ipatikane iliyo bora, ndipo akaze.

Kisha vichwa vya waya. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Vichwa vilivyo nje avikate na aweke vipya hata kama vinaonekana vizuri, maana kutu ya chumvi huanzia ndani. Avifunge kwa mkanda wa mpira, ule unaojigandisha wenyewe ukivutwa, siyo wa plastiki mweusi wa mafundi stima, ambao jua letu huufungua gundi. Mahali waya unapoingia ndani, auache ulegee chini ya tundu kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kuufuata waya mpaka kwenye soketi.

Kuta zetu

Nyumba ya Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukuta una unene wa kama nusu mita. Joto halipiti, sauti haipiti, na waifai haipiti. Ruta ikiwekwa ndani kabisa, kwenye chumba cha mwisho kwa kuwa ndipo penye soketi, misana ya mbele haitapata kitu. Mahali pazuri ni panapofunguka kuelekea kiwanda, yaani ua wa ndani: mawimbi hutoka kwa njia ileile unayotokea upepo, kupitia uwazi wa katikati ya nyumba. Iweke juu, kwenye kidaka cha wazi, siyo ndani ya kabati la mwangati.

Ruta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hufa kwenye ukuta wa kwanza; ya gigahezi 2.4 ni ya polepole lakini hufika mbali zaidi. Mwombe fundi ayape majina tofauti, ili mama atumie moja juu na wewe nyingine ukiwa karibu na ruta.

Kama nyumba ni kubwa, kifaa cha pili kitahitajika. Vile vinavyochomekwa ukutani na kudaka waifai ya ruta huigawa kasi, mara nyingi nusu hupotea, na kwa kuta hizi hata hiyo ya kudaka inakuwa haba. Vuta waya kutoka ruta mpaka ghorofa ya pili na uweke kifaa cha pili mwisho wake. Waya wa kawaida unaruhusiwa mpaka mita 100, na hakuna nyumba mjini inayofika huko. Ni gharama ya mara moja, na naipendekeza kuliko kununua kifurushi kikubwa zaidi ambacho nacho kitaishia ukutani.

Kuhusu kutoboa, uwe mkali. Mji wa kale umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini hata usingekuwemo, plasta iliyochongwa na mafundi wa zamani hairudi ikivunjika. Fundi akitoa mashine, simamisha kazi kwanza muulizane. Je, kuna tundu la zamani la stima? Je, waya unaweza kupita kwenye mbao za dirisha au kando ya boriti? Ikilazimu kutoboa, iwe mbali na vidaka na nakshi, aanze na ncha nyembamba, azime ule mtikisiko wa nyundo, na tundu liinamie kidogo kuelekea nje. Kwa jambo kubwa zaidi kwenye nyumba ya kale, waulize Makumbusho ya Taifa kwanza. Wana ofisi hapa hapa mjini.

Kabla hajafunga begi

Hapa ndipo wengi tunapopoteza. Fundi anapima kasi akiwa amesimama kando ya ruta, anaonyesha namba nzuri, anatoa fomu. Usitie sahihi. Mwombe mfuatane mpaka mahali unapotumia intaneti kweli, na mfanye lile jambo lililokuwa likishindikana. Kwetu ilikuwa kupiga simu ya video kutoka kwenye mkeka wa mama. Fundi alikaa kando, mama mdogo akapokea kutoka Muscat, wakazungumza dakika tano, na alipoondoka kila mtu alikuwa na uhakika.

Upime tena kwa waya na bila waya, piga picha ya matokeo. Badilisha nenosiri la waifai na lile la kuingilia mipangilio ya ruta, yaandike wewe mwenyewe bila fundi kuangalia. La kiwandani limeandikwa chini ya kifaa na kila aliyekishika amelisoma. Simu yako isitoke mkononi mwako bila sababu, na nakala ya kitambulisho chako asipewe bila kukueleza ya nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza.

Kwenye fomu soma kilichoandikwa. Kama amebadilisha kichwa cha waya, iandikwe kichwa cha waya. "Imerekebishwa" peke yake haitamsaidia fundi atakayekuja baada yake. Akichukua kifaa cha zamani, kiandikwe pamoja na nambari yake, usije ukadaiwa baadaye.

Siku zinazofuata

Endelea na daftari kwa wiki moja. Hitilafu ya umande haionekani mpaka umande uje. Ikirudi, piga simu utaje nambari ileile ya malalamiko, usikubali kufunguliwa mpya, na uombe siku zilizokatika zihesabiwe kwenye bili. Kampuni ikinyamaza, andika barua pepe, ukiambatanisha picha na kurasa za daftari. Wakikataa au wasipojibu, lipeleke jambo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mamlaka hutaka kuona kwamba ulianza na kampuni yenyewe, na hapo zile nambari na tarehe ndizo zitakazokusemea.

Mimi sasa hupanda darini kila mwaka mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na kabla masika na kusi havijafika. Nashika dishi kwa mikono miwili nione kama linacheza. Nauminya mkanda wa mpira kwa kidole. Ukiwa umekakamaa au umepasuka naukata, naangalia pini kwa tochi, nafunga mwingine.